TAHADHARI: Hyamine ya chupa ya kahawia, nimeingizwa mjini

Wenzangu wa maabara, ile bechi ya sabuni ya maji iliyogoma kutoa povu, mliyonicheka nayo wiki nzima, leo nawaambia ilikuwaje. Na yule jamaa wa kemikali mwenye sauti ya upole kwenye simu, kaeni naye mbali.

Nilimwagiza unga wa Hyamine 1622, ile kemikali ya kupimia kiasi cha safaktanti, yaani kiini cha sabuni kinachosafisha na kutoa povu. Akaniambia unga wa nini, utahangaika na mizani bure, ninayo iliyokwisha kusanifishwa, yaani nguvu yake imeshahakikiwa, moli 0.004 kwa lita, wewe ni kujaza tu bureti, ule mrija wa kudondoshea kwa vipimo. Ikaja chupa ya kahawia, kizibo kina utepe, cheti cha uchambuzi kina muhuri na sahihi mbili. Sahihi mbili, jamani! Halafu si mgeni kwangu: klorofomu yake ilikuwa safi, dimidiamu bromidi yake, ile rangi ya kiashirio inayoonyesha mwisho wa kipimo, naitumia mpaka leo. Mtu kakuuzia vizuri mara zote hizo, utaanzaje kumshuku?

Basi nikapima. Sampuli, klorofomu, kiashirio mchanganyiko, tabaka la chini likawa waridi kama inavyotakiwa. Nadondosha, natikisa, nasubiri matabaka yatengane, nadondosha tena. Waridi likafifia, ikaja ile rangi ya kijivu inayoelekea buluu, nikafunga bureti huku najisifu moyoni. Hesabu ikatoa safaktanti asilimia 20. Fomula yetu ni 15. Nikaamini chupa, nikaacha fomula. Nikamwendea bosi, kwa mdomo wangu huu huu, nikamwambia salfoniki, malighafi ya safaktanti yetu, tunaimwaga bure, tupunguze robo. Akapunguza. Mengine mnayajua.

Juzi usiku usingizi umekataa, nikarudi maabara. Nikapima sodiamu dodesili salfeti safi, safaktanti ya kulinganishia, gramu 1.15 kwa lita, ambayo nayo ni 0.004. Mililita 25 zake zilipaswa kula mililita 25 za Hyamine. Zikala 33 na ushee! Yaani nimeuziwa 0.003 kwa jina la 0.004. Na uhafifu huo haukupi hasara ya wazi, unakusifia: dawa ikiwa hafifu unatumia nyingi, na bidhaa yako inaonekana nzito kuliko ilivyo. Mimi ndiye ninayewachosha vijana wa mafunzo kila siku, sanifisha kwanza, sanifisha kwanza. Siku hiyo nani aliniroga? Jina lenyewe Hyamine, ningelisikiliza vizuri ningesikia "haiaminiki".

Nikampigia. Eti bureti yangu mbovu. Nikapiga tena, hapatikani.

Dalili zilikuwepo, nisiseme uongo. Namba ya bechi kwenye cheti haikufanana na ya kwenye chupa. Tarehe ya kusanifishwa haikuandikwa. Halafu ilinukia marashi, kama dawa ya sakafu. Nahisi ni benzalkoniamu ya kuulia vijidudu aliyoizimua kwa maji, maana nayo hushikana na anioni, yaani chembe zenye chaji hasi kama za safaktanti yetu, na rangi zinageuka vilevile, huwezi kujua kwa macho.

Chupa ninayo, cheti ninacho, napeleka vyote polisi. Anyang'anywe leseni, kama anayo. Arudishe hela na gharama ya bechi nzima. Na akifungwa, naomba aoshe masufuria ya jela yote kwa ile sabuni yangu isiyo na povu, mapipa bado yamejaa.