Maji ya gesi ya mtoto (gripe water, ya kutuliza gesi tumboni): nyota 2 kati ya 5
Mwanangu alianza wiki ya 3: kilio kuanzia saa 1 jioni hadi saa 4, miguu kaikunja, ngumi kazikaza. Nikanunua chupa ya maji ya gesi, harufu ya shamari, utamu kama juisi. Alinyamaza dakika 10, nadhani kwa utamu tu. Mama mkwe naye akaleta mizizi ya chango. Nikamwambia, “Mama, nesi kasema maziwa yangu tu mpaka miezi 6.” Alininunia siku mbili! Kilichosaidia kidogo ni kumcheulisha kila akinyonya, kisha baba yake anamlaza kifudifudi mkononi na kuzunguka naye uani. Alipofika miezi 3, kilio kikapungua chenyewe. Chupa iko juu ya kabati, haijafika nusu.