Unaacha jiko la mafuta ya taa? Nenda dukani na sufuria ya ugali

Mwezi uliopita wifi yangu alikuwa anasonga ugali wa watu saba kwenye mtungi wa gesi wa kilo 6, ule ambao jiko hufungwa juu yake. Sufuria iliteleza na kumwaga kila kitu sakafuni. Nashukuru Mungu mtoto alikuwa nje. Mtungi ule niliununua mimi, nikikimbia masizi na harufu ya mafuta ya taa.

Wauzaji wanasifia moto wa bluu na kioo kinachong'aa. Hawakuambii kuhusu vyuma vya kuegeshea sufuria. Kwenye mtungi mdogo ni vyembamba na vimekaa juu mno, kwa hiyo ukikandamiza mwiko kila kitu kinacheza. Huku kwetu Mwanza, sato bila ugali hakuliki, basi jiko lisilohimili kusonga halijatimia. Beba sufuria yako na mwiko. Iweke juu ya jiko hapo hapo dukani, kandamiza, zungusha. Ikitetereka, rudisha.

Chaguo langu la kwanza ni jiko la mezani la plate mbili lenye vyuma vizito, na mtungi wa kilo 15 pembeni. Gesi yangu ni Oryx na sibadilishi. Ukikaa juu maweni kama sisi wa Mabatini, patana kabisa na bodaboda, maana mtungi uliojaa unakaribia kilo 30.

La pili ni jiko la presha la umeme. Sescom la lita 6 kwa maharage na makongoro halina mpinzani: unafunga, unaendelea na shughuli, na maharage hayali hata uniti moja. Ila ugali sahau. Sufuria ya ndani inazunguka pamoja na mwiko. Na kama TANESCO wamekuweka kwenye bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi, hesabu kwanza, usije ukazipita.

Mtungi wa kilo 6 unamfaa anayeishi peke yake na kuchemsha chai. Jiko banifu la mkaa ni rahisi kununua, lakini mkaa utaununua kila siku.

Sasa hili la mizani linaniuma. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, nasi tumeitikia, halafu tunapunjwa gesi! Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Usome, ujumlishe kilo 15, udai upimiwe. Muuzaji mmoja aliniambia mizani imeharibika, nami naiona chini ya meza, imefunikwa gunia. Nilisimama pale mpaka akaitoa. Mtungi ulipungua kilo moja na nusu. Akanibadilishia bila neno, na mama aliyekuwa nyuma yangu akautua wake kwenye mizani.