Homa ya mama na huduma ya kutibiwa ukiwa nyumbani

Siku ya tisa baada ya kemotherapi, kipimajoto cha mama kilisoma 38.4 saa tatu usiku, nasi tukatoka Kayole, jijini Nairobi, kwa teksi hadi hospitali anakotibiwa saratani ya matiti, maana tulikuwa tumeonywa kwamba homa ya mtu aliyeshuka kinga haingoji asubuhi. Dozi ya kwanza ya antibayotiki iliingizwa mshipani kabla ya saa moja kwisha, jambo ninalolishukuru mno.

Nyutrofili zake, yaani chembe nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi, zilikuwa chini ya 500 kwa kila maikrolita, lakini shinikizo la damu lilikuwa sawa, na alama zake za MASCC, kipimo cha hatari ya kupata matatizo makubwa kwa mgonjwa wa saratani mwenye homa, zilifika 21, kiwango kinachoashiria hatari ndogo. Baada ya kumwangalia kwa zaidi ya saa nne, daktari alituruhusu kurudi na vidonge vya siprofloksasini pamoja na amoksisilini yenye klavulanati, ila kwanza aliuliza kama kuna mtu wa kukaa naye usiku na mchana, na kama tungeweza kufika pale ndani ya saa moja. Kwa anayeujua msongamano wa magari wa Jogoo Road jioni, swali hilo si dogo.

Muuguzi alimwambia, “Mama, ukitetemeka au kutapika dawa, rudi,” akaizungushia namba 38 wino mwekundu kwenye kadi. Kasoro ni moja, nayo ni nzito: simu tuliyopewa haikupokelewa kutwa nzima kesho yake. Homa ilishuka siku ya tatu.