Droni ndogo ya Sh 80,000: mikono dhaifu, dawa yake mwavuli mbovu

Nimeirusha miezi 3 hapa Tanga. Kamera ya kawaida, betri dakika 7. Shida ni mikono: plastiki nyembamba mno, na wa mbele kulia ulikatika ilipogusa tu tawi la mwembe. Nilijaribu kuukaza kwa spoku ya baiskeli. Chuma kizito, droni ikaegemea upande. Kilichofaa ni njiti za faiba za mwavuli uliovunjika. Nilikata vipande 4 vya sentimita 6, kimoja kila mkono ili uzito ulingane, nikafunga kwa mshipi wa kuvulia, kisha supa gluu na magadi soda kidogo juu yake. Inaganda papo hapo, ngumu kama jiwe! Imeanguka mara 5 tangu hapo, mikono mizima. Fundi mwenzangu, inunue. Kwa zawadi ya mtoto, hapana.