Chapa ya shina la mti: picha safi, fremu ya hovyo

Mimi ni seremala, kwa hiyo nilipoletewa picha ya mti kama zawadi nilicheka. Mbao nashinda nazo kutwa, ya nini tena kuzitundika ukutani?

Kumbe haikuchorwa. Ni chapa iliyopigwa kwa shina lenyewe. Kipande kimekatwa mkingamo, kikapigwa msasa, kisha uso wake ukababuliwa kwa moto. Moto unakula sehemu laini ya kila pete, yaani duara la ukuaji wa mwaka mmoja, ile ngumu inabaki imeinuka. Masizi yanatolewa kwa brashi ya waya, wino unapakwa kwa rola, karatasi inalazwa juu na kusuguliwa kwa mkono taratibu.

Nilimaliza jioni nzima nikihesabu pete kwa ncha ya sindano. Karibu na kiini zimeachana, mti ulikuwa mdogo na unakua mbio. Halafu zinakuja saba zilizobanana kama nyuzi: labda ukame, labda majirani waliuzibia jua. Upande wa kushoto kuna kovu. Gome lilijeruhiwa, na pete zilizofuata zimejikunja mwaka hadi mwaka mpaka zikalifunika. Mbao yenye kovu hilo mimi ningeitupa kwenye kuni.

Nje kidogo ya gome kuna alama ya dole gumba. Mke wangu anasema ni uchafu. Mimi naipenda kuliko kitu chochote kwenye karatasi ile, maana mistari ya dole na ya mti imekaa jirani na inafanana. Imenikumbusha Giuseppe Penone, msanii Mwitaliano aliyefunga kwenye shina changa, mwaka 1968, mfano wa mkono wake uliosubuliwa kwa metali, mti ukaendelea kukua na kuumeza. Yeye alifanya makusudi. Huyu wetu aliyepiga chapa nadhani alisahau kunawa.

Sasa lawama. Kikaratasi cha nyuma kinasema mti ulikuwa na miaka 80. Nimehesabu mara 3, napata 61. Najua mwaka mbaya mti unaweza kuruka pete, lakini 19? Nilipomwandikia muuzaji alijibu, “Ni makadirio, ndugu.” Makadirio ya nini, na pete zimo kwenye karatasi? Aina ya mti pia haikutajwa.

Fremu ndiyo kituko. Ni chipubodi iliyogandishwa karatasi yenye picha ya nyuzi za mbao, pembe zimeachia, na kioo kimelala juu ya chapa hadi kinaisawazisha ile miinuko ya pete kwenye karatasi ambayo ndiyo utamu wake. Niliivunja siku ya pili. Nimetengeneza nyingine kwa mabaki ya karakanani, nikaweka vipande vyembamba vya mbao ndani ili kioo kisiguse karatasi.

Ukiagiza, agiza chapa peke yake, tena iliyoviringishwa kwenye bomba. Kipande kimoja cha ile fremu nimekibakiza, nakorogea gundi.