Rimu Nyepesi kwa Vitz RS Yangu: Uzoefu wa Miezi Kumi na Minne Unguja

Huu ni mwaka wa nne naendesha Toyota Vitz RS ya kizazi cha pili, yenye injini ya 1NZ-FE ya sisi 1,496 na gia za mkono. Ndiyo gari inayowapeleka watoto skuli Kiembesamaki asubuhi, ikanifikisha kazini Mjini, na Ijumaa jioni ikatupeleka Paje kuwaona wazee. Niliipenda kwa wepesi wake, maana uzito wake unazidi kidogo tu tani moja na usukani wake hujibu mara moja unapoukata. Nimeibadilisha rimu mara mbili. Mara ya kwanza nilinunua kwa macho na mara ya pili nilinunua kwa mizani, na kwa hasara niliyoipata hapo katikati ningependa mwenzangu anayefikiria jambo hili ayajue haya kabla hajatoa pesa yake.

Rimu za kwanza zilikuwa mpya, za inchi 16 kwa upana wa 7, rangi ya shaba, zenye mikono sita, zimeigwa kwa umbo kutoka TE37 ya kampuni ya Rays ya Japani. TE37 yenyewe ilitoka mwaka 1996, na tarakimu zilizo katika jina lake zinatokana na uzito uliolengwa, yaani kilo 3.7 kwa rimu ya inchi 15, uzito ambao hupatikana kwa kuwa aloi yake hufuliwa kwa mashine yenye mgandamizo mkubwa badala ya kumiminwa tu kwenye kalibu. Mimi nilinunua sura ya rimu ile bila ya kazi iliyomo ndani yake. Nililipa shilingi 850,000, muuzaji akanihakikishia kwamba ni nyepesi, nami nikalipokea neno lake kwa sababu zilipendeza sana machoni.

Wiki ya kwanza tu niliona gari imebadilika, wala si kwa wema. Kutoka kwenye kipilefti cha Michenzani kwa gia ya pili, gari ilikuwa ikisita kabla ya kushika mwendo, na kwenye vipande vya njia vilivyochakaa magurudumu yalikuwa yakipiga chini kwa kishindo badala ya kufuata njia. Nilidhani ni shokapu. Fundi wangu wa Amani, ambaye kwa umri wake namwita ami, alizikagua zote nne akasema hazina tatizo, kisha akaniambia, "Mwanangu, gari hii unaipeleka shamba kila wiki, nawe umeivalisha viatu vya chuma. Kapime."

Nilikwenda kuazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani yetu anayeuza pweza, tukaifunga kwenye tawi la mwembe uani. Rimu ya kiwandani, tupu bila ya tairi, ilikuja kilo 8.3. Rimu yangu mpya ya shaba ilikuja kilo 9.1. Nilizipima zote nne, kisha nikazirudia, na jibu halikubadilika. Nilikuwa nimelipa pesa zote zile kuifanya gari iwe nzito zaidi.

Kwa asiyelijua jambo hili, uzito wa gurudumu haufanani na uzito wa gunia la mchele lililowekwa kwenye buti. Gunia limebebwa juu ya springi, ilhali gurudumu liko chini yake, kwa hiyo kila linapogonga shimo au tuta ni shokapu ndiyo inayopaswa kulizuia lisirukeruke, na kadiri linavyokuwa zito ndivyo linavyochelewa kurudi kushika njia. Zaidi ya hayo, gurudumu linakwenda mbele na wakati huohuo linazunguka, na injini inalipia mienendo yote miwili. Kilo moja iliyoko ukingoni kabisa mwa gurudumu huidai injini, wakati wa kuongeza mwendo, karibu kazi ileile inayodaiwa na kilo mbili zilizotulia ndani ya gari. Breki nazo hulipa deni hilohilo wakati wa kusimama. Ndiyo sababu rimu kubwa, hata ikiwa na uzito sawa na ndogo, huwa mzigo zaidi, kwani chuma chake kimesogea mbali na kitovu.

Mwisho wa rimu zile ulikuja wakati wa masika. Njia ya Fuoni ilikuwa imetuama maji, nikaingia kwenye shimo ambalo sikuliona, mwendo haukufika hata 40. Tairi halikupasuka, lakini kila asubuhi upepo ulikuwa umepungua. Kwa kituo cha tairi tulipolitoa tukakuta ukingo wa ndani umekunjwa, na pale mkono mmoja unapoungana na duara kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ambao ulionekana tu baada ya kupakwa maji ya sabuni na vipovu kuanza kutoka. Muuzaji nilipomrudia alisema kosa ni la barabara. Nyuma ya rimu zile hapakuwa na alama ya JWL, ambayo ni kiwango cha Japani cha uimara wa rimu za aloi, wala ya VIA, inayoonesha kwamba rimu imesajiliwa baada ya kupimwa. Nilipaswa kuzigeuza na kutazama kabla ya kulipa.

Mara ya pili niliazimia kushuka hadi inchi 15. Najua vijana wengi hapa Mjini wanaona kushuka saizi ni kurudi nyuma, lakini hesabu ya tairi haiko upande wao. Tairi la awali lilikuwa 195/50R16, lenye ukuta, yaani ubavu wa mpira, wa kama milimita 97 na kipenyo cha jumla cha takriban milimita 601. Tairi la 195/55R15 lina ukuta wa milimita 107 na kipenyo cha karibu milimita 595. Yaani napata karibu sentimita moja zaidi ya mpira wa kupokea mashimo, kwa gharama ya kushusha gari milimita tatu tu, na spidi mita inapotea kwa asilimia moja, kitu ambacho dereva hakihisi.

Nilivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, nikashinda siku nzima Ilala kwenye maduka ya rimu za mtumba kutoka Japani, mizani ya jirani ikiwa ndani ya mkoba. Wauzaji wawili hawakupenda kuiona. Wa tatu alinishikia rimu mwenyewe. Hapo ndipo nilipopata seti ya RPF1 za kampuni ya Enkei ya Japani, inchi 15 kwa 7, zenye matundu manne ya nati yaliyopangwa kwenye duara la milimita 100, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 4.5 hivi. RPF1 haifuliwi, humiminwa kwanza, kisha duara lake la nje hupashwa moto na kusukumwa kwa magurudumu ya mashine, kama chapati inavyosukumwa mpaka ikawa nyembamba, na kwa njia hiyo chuma kinakuwa chembamba na imara zaidi kuliko cha kumimina peke yake. Jina la kiwanda, vipimo na alama zote mbili zilikuwepo nyuma. Nilimwomba fundi wa tairi wa jirani aziweke tupu kwenye mashine ya kubalansi, na tatu zilizunguka zimenyooka kabisa. Ya nne iliyumba kidogo ukingoni, nikapunguziwa bei. Zote nilizilipia shilingi 1,600,000.

Kuzifunga kulihitaji uangalifu ambao fundi mwenye haraka hawezi kuutoa. Tundu la katikati la RPF1 ni la milimita 73, na habu ya Vitz, yaani kitovu cha gari ambapo rimu hufungwa, ni ya milimita 54.1. Ukiziacha hivyo, rimu inakaa kwa kutegemea nati pekee, na ikikaa pembeni hata kidogo usukani unatetemeka ukifika mwendo wa 80. Kinachohitajika ni pete za kuziba nafasi hiyo. Nilichukua za plastiki ngumu badala ya za aloi, kwa kuwa kwa hewa yetu ya chumvi aloi ikigusana na chuma cha habu kwa mwaka mmoja hushikana, na kuitoa rimu siku ya pancha huwa ni kwa nyundo. Nati nazo ni muhimu: rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota hukaa kwa nati zenye shingo na washa bapa, ilhali rimu hizi zinataka nati zenye kikalio cha koni. Nilinunua 16 mpya, ami akazikaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hadi nyutoni mita 103, akaniagiza nirudi baada ya kilomita 100 azikague tena.

Upana wa rimu na ofseti yake pia vilinitia wasiwasi, tairi lisije likagusa fenda. Ofseti ni umbali kati ya uso unaokaa kwenye habu na mstari wa katikati ya rimu, na kila milimita inayopungua inasukuma gurudumu nje kwa milimita hiyohiyo. Ami alipitisha vidole kati ya tairi na fenda huku usukani umekatwa mwisho, kwanza kulia, kisha kushoto, nasi tukawapakia watu wanne ndipo tukajaribu tuta. Haikugusa.

Tofauti niliyoipata ni ya kilo 3.8 kwa kila pembe ikilinganishwa na rimu za kiwandani. Gari sasa inaondoka kwenye kipilefti bila ya kusita, na usukani umekuwa mwepesi kuurudisha. Lakini ninapoipenda zaidi ni kwenye yale matuta ya Jozani yaliyowekwa kwa ajili ya kuwanusuru kima punju: gurudumu linapanda, linashuka na kutulia mara moja, na mama yangu aliyekaa nyuma hashiki tena mpini wa mlango. Matumizi ya mafuta sikuyaona kubadilika kiasi cha kuyataja.

Kasoro zipo. Rangi yake ya fedha huchubuka upesi na chumvi hupenya pale pale palipochubuka. Rimu moja imeshaanza kutoa malengelenge madogo karibu na vali, kwa hiyo kila tukirudi Paje nazisuguwa kwa maji baridi ya mferejini na sabuni, ndani na nje, kabla ya kulala. Vifuniko vya katikati havikuja nazo, na mchanga huingia kwenye tundu. Upepo naujaza kila wiki mbili, na masika napita Fuoni taratibu kama nilivyopaswa nipite siku ile.