Vioo vidogo vya kubandika: vinamfaa dereva wa Unguja anayekwenda kuendesha Omani?

Kwenye maduka ya spea na mapambo ya gari mjini Unguja, vioo vidogo vya duara huning'inizwa pamoja na manukato na vishikio vya simu. Vinauzwa jozi, bei yake ni ndogo kuliko gharama ya kumwaga oili, na muuzaji hana maelezo marefu: ukibandika hivi, bodaboda haikupotei tena. Kwa barabara zetu maneno hayo yana ukweli wake. Kwa anayejiandaa kwenda Maskati au Dubai kukaa na jamaa na kupewa ufunguo wa gari, ni kifaa kizuri, ila kinasaidia kwa sharti, na sharti lenyewe halikuandikwa kwenye paketi.

Tuanze na kile kinachotafutwa. Kila gari lina sehemu ya ubavuni ambayo kioo cha ndani hakiifikii na kioo cha pembeni kimeshaiacha, kuanzia takriban usawa wa bega la dereva kurudi nyuma kidogo. Gari dogo zima huweza kujificha hapo, seuze Vespa. Upande wa dereva ukigeuza shingo kidogo unapaona. Upande wa abiria ndio mgumu, kwa sababu katikati yako na dirisha la kule kuna mtu, viti, vichwa vya viti na nguzo za gari.

Sisi tunakaa kulia na kuendesha kushoto, kwa hiyo upande wetu mgumu ni wa kushoto: baskeli, gari la ng'ombe, daladala inayochomoka kituoni. Omani na Imarati wanakaa kushoto na kuendesha kulia. Upande mgumu unakuwa wa kulia, na huko kulia ndiko zilizoko njia za kutokea barabara kuu na njia za magari yanayoingia. Kinachobadilika zaidi ni mwendo. Barabara kuu za Omani zinafika kilomita 120 kwa saa, yaani gari linakwenda zaidi ya mita 33 kila sekunde. Ukipoteza sekunde moja na nusu kutafuta kioo, umeshakwenda mita 50 bila kutazama mbele.

Na watu hupoteza sekunde hizo kweli. Jicho la dereva wa Zanzibar limezoea kioo cha ndani juu upande wa kushoto. Kwenye gari la usukani wa kushoto, ukirusha jicho huko unakutana na nguzo ya kioo cha mbele. Kioo chenyewe kiko juu kulia. (Mkono nao una mazoea yake: ukitaka indiketa unawasha waipa, na walio nyuma wanajua mgeni amefika.) Kabla ya kuingia barabara kuu, kaa kwenye gari lililosimama, urushe jicho kwenye kioo cha ndani, cha kushoto na cha kulia kwa zamu, mpaka shingo iache kubahatisha.

Sasa kuhusu kununua. Vya madukani viko namna tatu. Cha kwanza ni duara tupu la kioo bila fremu, kipenyo sentimita 5 hivi, chembamba. Cha pili kina fremu ya plastiki na kiungo kinachoweza kuzungushwa na kuinamishwa. Cha tatu kimekatwa kwa umbo la feni ya mkono ili kikae kwenye kona. Chaguo letu kwa gari la kawaida ni cha kwanza. Cha fremu kinavutia kwa sababu unakirekebisha upendavyo, lakini ni kinene: ukisogeza kioo kikubwa kwa swichi mpaka mwisho, fremu hugonga ganda la kioo hicho na kung'oka. Tena kile kiungo hulegea kwa upepo wa mwendo mkubwa na vumbi, kioo kikaanza kutikisika na picha ikawa haina faida. Kina nafasi yake kwenye magari marefu kama HiAce au Prado, ambako kioo kikubwa chenyewe kina nafasi ya kutosha na dereva anahitaji kuinamisha kidogo ili aone tairi la nyuma. Cha feni kinunue ikiwa kioo cha gari lako ni kidogo, maana duara la sentimita 5 litakula sehemu kubwa mno.

Papo hapo dukani kipime. Shika kalamu au rula mbele ya kioo uangalie taswira yake. Kioo mbinuko, yaani kilichobinuka kwa nje, lazima kipinde mstari, lakini upindike kwa ulaini, kama upinde. Ukiona mstari unacheza kama mawimbi, hiyo ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Jua likiipiga itazidi. Gonga kwa ukucha: kioo hulia, plastiki hutoa sauti butu. Vile vya rangi ya buluu vinavyosifiwa kwa kupunguza mng'ao wa taa viache. Vinapunguza mwanga wote, na usiku kwenye barabara isiyo na taa, kama nyingi za shamba, unabaki na duara jeusi.

Kuna adui mmoja wa hapa kwetu ambaye mtengenezaji hakumfikiria: hewa ya chumvi. Inaingia ukingoni, inakula ile fedha ya nyuma, na madoa meusi yanaanza pembeni kusogea ndani. Kabla ya kubandika, pitisha rangi ya kucha isiyo na rangi kuzunguka ukingo wote, mkono mwepesi, uache ikauke. Ni kazi ya dakika chache na inaongeza umri wa kioo.

Kabla hujabandika chochote, panga vioo vikubwa. Hapa ndipo lilipo lile sharti. Madereva wengi huvipanga ili waone ubavu wa gari lao, jambo linalowapa raha na kuwanyima faida, kwa sababu wanaona tena kilekile kinachoonekana kwenye kioo cha ndani. Mhandisi George Platzer alieleza mwaka 1995 njia nyingine, na mpaka leo haijapatikana iliyo rahisi zaidi. Kwa gari la usukani wa kushoto: inamisha kichwa mpaka kikaribie kugusa dirisha la kushoto, usukume kioo cha kushoto nje mpaka ubavu wa gari uonekane kwa ukingo mdogo tu. Kisha inamia kulia, kichwa kifike juu ya katikati ya gari, ufanye vivyo hivyo kwa kioo cha kulia. Ukikaa sawa hutauona ubavu wako kabisa. Ndivyo inavyotakiwa. Kwa gari letu la usukani wa kulia geuza pande tu.

Halafu hakiki. Gari limesimama mahali palipo wazi, mtu asukume baskeli kutoka mita 10 nyuma yako, umbali wa mita moja na nusu kutoka ubavuni, aje mbele polepole. Akianza kutoka kwenye kioo cha ndani, awe ameshaingia cha pembeni. Akianza kutoka cha pembeni, uwe umeshamwona kwa pembe ya jicho kupitia dirisha. Akipotea popote katikati, mwambie asimame hapo hapo, usogeze kioo nje kidogo. Mkitoka hapo mnajua kwa yakini shimo liko wapi, na ndilo mtakalolizibia kile kioo kidogo.

Wengi hubandika kona ya chini upande wa nje. Sisi tunaipendelea kona ya juu upande wa nje, kwa sababu sehemu ya juu ya kioo kikubwa huonyesha mbingu na minazi, hakuna cha kupoteza huko. Kona ya chini inakuonyesha barabara iliyo jirani, na ndiko matone ya mvua yanakoteremkia na kuganda. Ila angalia jambo moja: kwenye magari mengi ya Ulaya kioo cha pembeni kina mstari mwembamba wa wima karibu na ukingo wa nje. Sehemu iliyo nje ya mstari huo imebinuliwa zaidi kiwandani kwa kazi hiyohiyo. Usiibandike, utakuwa unaziba dawa kwa dawa. Omani na Imarati utakutana pia na magari yaliyotoka Marekani. Hayo kioo cha upande wa dereva ni bapa, kinaonyesha eneo dogo lakini kwa ukubwa halisi. Cha abiria ni mbinuko na kina maandishi kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Kwenye gari la namna hiyo kioo kidogo upande wa dereva kinaleta nafuu kubwa zaidi kuliko kwenye gari la Kijapani ambalo vioo vyote viwili ni mbinuko.

Kubandika kunaharibiwa na haraka. Kioo kisiwe na umande wala kisiwe kimeokwa na jua. Kivuli cha mchana ndicho kizuri. Futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, si kwa dawa ya kung'arishia dashibodi, maana ile ina silikoni na gundi haishiki juu ya silikoni. Acha ikauke, bandika mara moja bila kuburura, ukandamize kwa kidole gumba sekunde 30. Gundi nzuri ya pande mbili hufikia sehemu kubwa ya nguvu yake baada ya saa 24 na kukamilika baada ya saa 72, kwa hiyo usioshe gari siku hiyo. Gundi inayokuja na vioo vya bei ndogo mara nyingi ni sponji nyeupe, na kwenye kiangazi cha Maskati, joto linapopita nyuzi 45, hulainika na kioo kikateremka taratibu bila wewe kujua. Ibandue kabla, uweke gundi ya pande mbili ya magari, ile ya kijivu au nyeusi yenye karatasi nyekundu.

Sasa kasoro yake, ambayo haina tiba. Kioo kilichobinuka hivyo hupunguza kila kitu. Gari lililo karibu linaonekana dogo na la mbali linaonekana nukta, na usiku taa zote huwa nukta sawasawa. Kwa hiyo kioo kidogo kinajibu swali moja: kuna kitu au hakuna? Hakikuambii kiko mita ngapi wala kinakuja kwa mwendo gani. Utaratibu unaofaa kwenye barabara ya leni nyingi ni kioo cha ndani, kioo kikubwa, kidogo, indiketa, kisha kugeuza shingo haraka upande unaokwenda, ndipo usukani. Anayeacha kugeuza shingo kwa kuwa amenunua vioo vidogo, amenunua hatari.

Wala haviwezi kitu mbele ya ile nguzo ya kioo cha mbele. Kwenye raundabauti za Omani na Imarati magari yanakuja kutoka kushoto, na nguzo ya kushoto iko karibu kabisa na jicho lako. Pikipiki ikija kwa mwendo unaolingana na wako hubaki nyuma ya nguzo hiyo sekunde kadhaa bila kuonekana. Sogeza kiwiliwili mbele na nyuma kabla ya kuingia. Hakuna kifaa kinachochukua nafasi ya hilo.

Anayevusha gari lake kwa meli na kulipeleka bara hadi Burundi, Rwanda au Kongo ana shida nyingine, na tunamshauri asitegemee vioo hivi hata kidogo. Usukani uko kulia na barabara inaendeshwa kulia, hivyo ukiwa nyuma ya lori huoni kinachokuja. Rudi nyuma sana uachie nafasi, tumia kona zinazopinda kulia kuchungulia kupitia ubavu wa kulia wa lori, na kama una abiria mwenye akili timamu awe macho yako ya kushoto. Huna uhakika, usipite.

Mwenye gari lenye taa ya tahadhari inayowaka kwenye kioo cha pembeni gari jingine likiwa ubavuni anaweza kuokoa pesa yake, mradi bampa ya nyuma ni safi. Rada zinazoiwasha taa hiyo zimefichwa humo na tope zito au stika huzipofusha. Aliyekodi gari ugenini abandike ikiwa ameruhusiwa, na wakati wa kurudisha asichokoe kwa bisibisi. Pasha joto juani, pitisha mshipi wa kuvulia nyuma ya kioo kidogo, uuvute huku na huku kama msumeno mpaka gundi ikatike. Mabaki yafikiche kwa kidole, umalizie kwa spiriti. Thina usiiguse, inakula plastiki ya ganda.